Maua ya Shaba Juu ya Mlima wa Mama Ngoie

Tangu turudi, kila mtu nimempa kipande chake. Mama Chantal nilimsimulia habari ya mto tukiwa sokoni Manika, hapa hapa Kolwezi, mikono yangu imejaa nyanya ambazo hata sikuwa nimeamua kununua. Jirani zangu wa Musonoi walipata habari ya chakula. Wenzangu wa kwaya walianza kusikia habari ya punda milia, lakini padri akatoka sakristia tukanyamaza. Sasa naambiwa safari yangu imekuwa safari tatu, na katika mojawapo nimeumwa na simba. Simba hakuna. Kaeni, niwape yote kwa mkupuo mmoja, na atakayetaka kuongeza simba aongeze kwa jina lake mwenyewe.

Jambo moja kwanza. Mume wangu, Tata Mukalay, mnayemjua kwa kofia yake na kwa uchache wa maneno, ameniruhusu kuandika kila kitu isipokuwa njia. Kwa hiyo njia nimeivuruga. Mpaka Lubudi nimesema kweli tupu. Baada ya hapo kijiji kimoja nimekiondoa, mto nimeuhamisha, jina la mlima sitaliandika, na majina ya waliotupokea huko nimeyabadilisha. Msinisumbue na ramani. Sababu mtaiona.

Mnajua kwamba Tata alifanya kazi maisha yake yote katika mashimo ya mgodi wa Mashamba. Kazi yake ilikuwa kuokota mawe, kuyatazama, kuyatia katika mifuko na kuyapeleka maabara. Alipopumzishwa kazi alikaa barazani mwezi baada ya mwezi akitazama ukuta wa jirani. Siku moja mjukuu wetu alileta kitabu cha shule chenye picha ya punda milia, akamwuliza kama aliwahi kuwaona, maana mwalimu alisema wako hapa hapa kwetu, kaskazini, juu ya milima. Tata alikitazama kile kitabu mpaka chai ikapoa.

"Mi nilionaka tumbo ya udongo tu," akaniambia usiku ule. "Mugongo yake siyaonaka."

Basi tukaenda kuuona mgongo.

KUTOKA MANIKA: GARI LILILOONDOKA LIKARUDI

Basi dogo letu liliondoka Manika asubuhi, likarudi Manika asubuhi, likaondoka tena, likarudi tena. Dereva alikuwa akizunguka kutafuta abiria wa kujaza kiti ambacho sisi tulikiona kimeshajaa. Katika mzunguko wa mwisho aliingia kijana na godoro, na godoro likapewa nafasi nzuri kuliko mimi. Tata alivaa viatu vyake vya misa. Buti za kazi aliapa hatazivaa tena, na mume wangu akiapa, hata viatu vinateseka.

Pembeni yangu aliketi mtawa mmoja, sista wa makamo, mwenye mfuko wa karanga. Akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia: tunapanda mlima. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu nilikuwa najivuna kidogo.

Hapo ndipo nilipoharibu safari ya tumbo langu. Nyote mnajua kwetu watu wazima wakisema wanapanda mlima maana yake ni nini. Wanakwenda kuomba, na wanafunga. Gari zima lilituelewa hivyo. Sista aliurudisha mfuko wake wa karanga taratibu, kwa heshima kubwa. Mwenye godoro aliacha kula andazi lake mbele yetu, akageukia dirisha. Tuliposimama njiani kula, abiria waliagiza bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, kisha wakahamia upande wa pili wa kibanda ili harufu isitujaribu. Mimi nilidhani wanatuona wachafu. Chungu changu cha makayabo, samaki wetu wa chumvi, kilikuwa kimefungwa juu ya paa, chini ya mizigo ya watu wote, na dereva alikataa kufungua kamba.

Badala ya chakula tukaletewa maombi. Mama mmoja alitaka nimwombee binti yake aliyechelewa kupata mimba. Mwenye godoro alitaka mchumba wake akubali kuhama kwao. Dereva mwenyewe akapunguza mwendo kunong'ona habari za magoti yake. Mimi nikajua sasa tumeeleweka vibaya, lakini niambieni, mtu anakuomba umwombee magoti, utamjibu nini? Nikasema ndiyo kwa wote, njaa ikiniuma.

Karibu na Lubudi nilishindwa. Nikamwambia sista ukweli kwamba sisi hatukufunga, tunakwenda kuona wanyama. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Akanipa karanga zote zilizobaki.

"Mama, juu ya nini haukusema? Mi nilikuwa nakuonea huruma tangu Kolwezi!"

Kabla hatujaachana alituambia, tukifika chini ya ule mlima, tuulize kwa Mama Ngoie, ndiye anayepokea wageni wanaopanda. Mungu amzidishie karanga yule sista. Bila jina hilo tungelala nje.

MTONI

Kivuko kilikuwa upande wa pili wa mto, na fundi wa kivuko alikuwa upande wetu. Kebo ilikuwa imekatika. Fundi alikuwa mtu mtulivu sana, aliyekaa juu ya ndoo akitueleza kwamba kifaa kiko njiani. Jioni kifaa kilikuwa bado njiani. Kesho yake, vivyo hivyo.

Nilikasirika, sitaficha. Nilisimama mbele ya watu nikasema nchi yenye shaba ya kutosha kutengenezea waya dunia nzima inakosa kebo moja. Watu wakapiga makofi, fundi naye akapiga makofi, na mto ukaendelea kupita.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la samaki, jina lake Trésor, kijana mnene mwenye taulo shingoni. Aliona Tata ameketi juu ya jiwe na viatu vyake vya misa mkononi, akaja kupiga magoti kidogo kama inavyompasa mtu kwa mkubwa.

"Tata, mulikula?"

"Tangu yana mama alikuwa nakula hasira," Tata akajibu. "Mi sikula kitu."

Trésor alikuwa na samaki wakavu, mwanamke mmoja alikuwa na unga, mwingine sufuria, mimi nikashushiwa hatimaye chungu changu cha makayabo. Tulikula bukari moja, watu ambao juzi hawakujuana, mikono yote katika beseni moja la kunawia. Nimekula katika harusi za wakubwa Kolwezi na sikumbuki hata sahani moja. Ile ya mtoni naikumbuka mpaka chumvi yake.

Kifaa kilifika wakati tumeshaacha kukingoja. Tulivuka pamoja na samaki, na Trésor akatubeba mpaka barabara inapokwisha, akakataa asante yetu, akasema tumwombee. Nikamwambia aingie kwenye foleni, nyuma ya magoti.

KWA MAMA NGOIE

Kutoka hapo ni pikipiki, njia nyembamba katikati ya nyasi ndefu kuliko kofia ya Tata. Baridi ilianza kabla hatujauona mlima. Kisha tukauona. Ulitokea mzima, bila kujitangaza, kijani chini na kijivu juu, na wingu limekaa begani mwake. Mwendesha pikipiki wangu alisimamisha bila kuombwa. Tata alivua kofia. Kule Kolwezi kila kilima tulicho nacho kimemwagwa na magari ya mgodi, tunajua hata kilianza kumwagwa mwaka gani. Huu hakuna mtu aliyeumwaga. Nilishikwa na furaha nikaanza kulia kama mjinga.

Mama Ngoie ni mjane wa umri wangu, mrefu, mwenye macho ambayo hayana haraka. Alitupokea kama desturi ya kwao inavyotaka, kwa kupiga makofi polepole, amechuchumaa, na sisi tukarudisha. Akatupa maji ya moto ya kuoga, bukari, uyoga uliopikwa na karanga, na munkoyo wa baridi, kile kinywaji cha mahindi, katika kikombe kimoja cha kupokezana. Kaka yake, Kayembe, ndiye anayewapandisha wageni. Ni mtu mwembamba anayetembea kama hagusi chini.

Baada ya kula Mama Ngoie alitueleza sheria za mlima, na ni mbili tu. Ya kwanza, kabla ya kupanda anakupaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye viganja na kipaji cha uso. Asiyepakwa hapandi. Ya pili, hakuna kitu kinachoshuka kutoka mlimani, si jiwe, si ua, si unyoya. Ukirudi anakungoja na ungo, unakung'uta nguo na viatu vyako juu yake, na kilichodondoka kinarudishwa juu.

"Hata udongo ya kwenye kiatu?" nikauliza.

"Hata ile, mama."

Nilicheka. Tata hakucheka. Alisema ni sheria nzuri.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kijitoni kuosha miguu. Kulikuwa na wanawake wanaosuuza mihogo. Katika maji aliona jiwe lenye rangi, akaliinua, akalitemea mate, akalisugua kwenye suruali, akalielekeza kwenye jua lililokuwa linazama, akafumba jicho moja. Halafu akalirudisha majini, akamaliza kuosha miguu, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Ninyi mnaosoma hamjashtuka. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Watoto wa Musonoi wanalitemea jiwe mate kabla hawajajua kusoma. Mimi mwenyewe nikichagua mchele, nikikuta kijiwe, ulimi unanitoka. Tata hakutafuta kitu katika lile jiwe. Ni mazoea ya mkono tu, kama mwingine anavyojikuna.

UKIMYA

Asubuhi hakuna aliyetuamkia. Moto haukuwashwa. Kayembe hakuja, na pemba haikuja. Wanawake waliopita uani walitazama chini. Watoto ambao jana walimfuata Tata kwa ajili ya kofia yake waliitwa ndani.

Tukaanza kujilaumu kila mmoja kwa lake. Mimi nilidhani ni kwa sababu niliacha tonge la bukari katika sahani. Tata alidhani ni kukoroma kwake, na kusema kweli hilo lingetosha. Tulikaa juu ya mikeka, tumevaa tayari, mlima mbele yetu umeng'aa bila wingu hata moja, siku nzuri kupita zote, na hakuna wa kutupandisha.

Jua lilipokuwa juu Mama Ngoie akatoka, akaketi mbele ya Tata, akakunja mikono.

"Tata, lile jiwe ya jana, lilikuambia nini?"

Tata hakuelewa. Ilibidi amwonyeshe kwa vitendo: mate, suruali, jua, jicho. Nilimwona mume wangu akielewa. Uso wote ulimwanguka.

Kumbe nyuma ya mlima ule kulikuwa na kilima kingine, kidogo. Miaka michache nyuma alikuja mgeni mmoja mpole, akalala kwa watu, akala uyoga wao, na siku moja akalitemea mate jiwe akalitazama juani. Akaenda zake. Hazikupita mvua mbili wakaja vijana wengi na sepetu na mahema. Hawakuwa watu wabaya, Mama Ngoie alisema, walikuwa watoto wa watu na njaa zao. Lakini kile kilima sasa ni matundu, kijito chake kimekuwa chekundu, na makaburi ya wakwe zake yalihamishwa katika magunia. Waliobaki wanakunywa maji ya mlima huu. Hawana mengine.

"Njo maana," akasema. "Mutu ya Kolwezi anatemea jiwe mate, siye tunajua benye sepetu banakuya."

Tata alijaribu kujieleza akashindwa, maneno yake ni machache hata siku za furaha. Basi nikasema mimi.

Nilimweleza habari za mtaa wetu wa zamani, na ninyi mliokaa pale pamoja nami mnazijua. Jirani alichimba shimo la choo akakuta mawe. Wiki hiyo hiyo kila mtu alikuwa anachimba sebuleni kwake. Usiku tulisikia sepetu chini ya kitanda chetu, watu wa nyumba ya pili wamepita chini ya ukuta. Chumba alichofia mama yangu kiliingia ndani ya ardhi pamoja na kabati lake. Nilimwambia Mama Ngoie kwamba tulihama na masufuria matatu na picha ya ubatizo. Nilimwambia kwamba bado nikisikia mtu analima bustani nauliza kwanza anatafuta nini. Nililia tena, lakini si kama jana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbatia, hakusema amenielewa. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko na kaka yake muda mrefu, tukisikia sauti zao zikipanda na kushuka. Aliporudi alikuwa na kibakuli cha pemba.

"Mutapanda kesho. Lakini Tata, mikono yako, uikamate."

"Nitaikamata," Tata akasema.

KUPANDA

Alitupaka pemba kabla ya jua. Udongo ule ni baridi, ukikauka unakuvuta ngozi, hata ukisahau unakukumbusha.

Njia imetengenezwa na watu wa kijiji wenyewe, wamepanga mawe kama ngazi pale penye mteremko na kufunga miti pa kushikilia. Kwanza ni msitu mwembamba unaofuata kijito. Nyani walitufokea kutoka juu, na mmoja alitupa tunda likampata Tata begani. Kayembe alisema huyo humfanyia hivyo kila mgeni. Kisha msitu ukaisha, zikaja nyasi na upepo, na magoti yangu yakaanza kuongea. Nikamkumbuka dereva wa Manika, nikamwombea pale pale, bila kungoja kilele.

Tata alipanda kwa namna yake, hatua, pumzi, hatua. Viatu vya misa vilifunguka mdomo. Kayembe akakata kamba ya gome akavifunga, bila neno la kumcheka, nami nilikuwa ninalo tayari ila nikalimeza. Kila tuliposimama Tata alikuwa ameweka mikono nyuma ya mgongo, imeshikana. Njia nzima aliishika hivyo, hata pale ambapo mtu mwenye akili angeshika mti.

Tulifika juu wakati ukungu unafunguka. Chini kabisa kulikuwa na ziwa, na mto Lualaba umelala kama uzi ulioanguka sakafuni, na moshi wa vijiji, na baada ya vijiji milima mingine ya buluu, na baada yake mingine. Mto ule ule tunaoujua sisi kwa matope na mabwawa. Nilisimama nikawaombea wote: binti wa yule mama, mchumba wa mwenye godoro, Trésor, sista, fundi wa kivuko na kebo yake. Nikawaombea na ninyi, mmoja mmoja, hata Mama Chantal.

Kayembe akagusa mkono wa Tata.

Walikuwa upande wa kushoto, kwenye uwanda, karibu kuliko nilivyodhani inawezekana. Punda milia. Kundi zima, mabega yamegusana, na watoto wao wenye miguu mirefu isiyojua pa kukaa. Mmoja aliinua kichwa akatutazama, akaona hatuna maana, akarudi kula. Tata alitoa sauti ambayo sijaisikia kwake hata alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na makamasi, bila haya.

"Odette," akasema, "angalia! Banakula tu!"

Nikampa Kayembe simu yangu atupige picha. Tata hakutaka niwe ndani, alitaka peke yake, kwa ajili ya mjukuu. Alivua kofia akaiweka kifuani, akasimama wima, punda milia nyuma yake, ziwa na kilele pembeni. Kayembe akabonyeza. Simu ikalia mara moja ikazimika, chaji imekwisha. Tukacheka. Moja inatosha.

Tata akainama kuokota kofia iliyomponyoka, na akabaki ameinama.

Nikatazama alipotazama. Tulikuwa tumesimama penye kipara. Hakuna nyasi, hakuna kichaka, udongo wa hudhurungi, na juu yake, kuanzia miguuni mwetu mpaka walipokuwa wanyama, maua madogo ya zambarau, yale yale. Ninyi hamhitaji niwaeleze. Maua ya shaba. Hayakubali kuota vizuri ila pale ambapo jiwe limeupa udongo sumu yake, na mtoto wa Kolwezi akiyaona anajua kilicho chini. Nilijua. Tata, ambaye amesoma mawe maisha yake yote, alijua zaidi yangu, alijua pengine hata kina.

Nililiona jiwe karibu na kofia, kijani yake imejitokeza kwenye ufa. Niliona vidole vya mume wangu vikilielekea vyenyewe. Kayembe pia aliviona. Alikuwa amesimama hatua chache, simu yangu mkononi.

Tata akaichukua kofia. Akaikung'uta vizuri, akaivaa, akarudisha mikono nyuma ya mgongo, mmoja ukaushika mwingine.

"Ndugu yangu Kayembe," akasema, "hapa hapana kitu."

Kayembe akanirudishia simu yangu.

"Aksanti, tata," akajibu.

Ndipo nikafahamu kwamba na yeye alijua.

UNGO

Mama Ngoie alikuwa ametungoja chini na ungo wake, na nyuma yake wanawake wote wa kijitoni. Nilikung'uta kitenge changu, nikakung'uta blauzi. Tata alivua viatu, au mabaki yake, akavipiga kimoja kwa kingine. Zilidondoka mbegu za nyasi, vumbi, na panzi mmoja aliyekufa kwa uchovu wa safari. Mama Ngoie alivitandaza kwa kidole taratibu, akatazama vizuri. Kisha akatutazama nyuso, mimi, halafu Tata. Macho yake yakakaa kwenye uso wa Tata.

"Mulionaka nini kule juu?"

"Punda milia," Tata akasema. "Na baridi."

Mama Ngoie alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, na meno yake ni mazuri kweli. Wanawake wakapiga vigelegele. Jioni kuku alichinjwa, watoto wakarudi kwa kofia, na Kayembe akamwiga Tata alivyolia mbele ya punda milia, akaiga na makamasi, kijiji kizima kikaanguka. Asubuhi ya kuondoka Mama Ngoie alinipa karanga za shamba lake, akanishika mikono yote miwili. Ninawaandikia ninyi lile nililoshindwa kumwambia yeye: tulifika kwake kama hatari, akatulisha.

KURUDI

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi. Kivuko kilifanya kazi, fundi alinipungia mkono kama rafiki wa zamani.

Lubudi nilichaji simu katika kibanda cha chai. Rezo ya mtandao ikarudi, na simu ikaanza kutetemeka mezani. Nyingi zilikuwa za Fiston, mtoto wa dada yangu. Mnamjua, ananunua mawe ya wachimbaji kwenye depo, ni kijana mzuri, hana ubaya. Aliandika: Tata, tuma picha ya mulima! Tuma tuone!

Tata akaniomba nimwonyeshe. Nikaifungua. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupigwa, hata ya harusi yetu, ambayo alitoka kama mtu aliyekamatwa. Hapa alikuwa mzima, kifua wazi, kofia kifuani, mashavu yamelowa, na nyuma yake wanyama wenyewe. Na kila mahali maua. Miguuni, kati ya kwato, mpaka ukingoni. Na pembeni ziwa, na umbo la kilele ambalo mtu wa kule angelitaja jina kwa kutupa jicho.

Chai ikaletwa. Hakuinywa.

"Mu ungo ya Mama Ngoie, hii haikuanguka," akasema.

Nilielewa anataka nini, nikapigana. Nikamwambia tutaikata picha hapo kwenye miguu. Akasema maua yako kote. Nikamwambia tutamwonyesha mjukuu peke yake, nyumbani. Akanitazama tu, maana anamjua mjukuu wake, na anaijua Kolwezi. Nikamwambia, kwa hasira sasa, kwamba umelia mbele ya wale punda, Mukalay, una haki ya kitu kimoja.

"Na beye ba kwa Mama Ngoie batakunywa nini?" akauliza.

Nikaisogeza simu mbele yake. Mume wangu hajui simu. Nilimwonyesha pa kubonyeza, na simu ikamwuliza kama ana hakika anataka kuifuta picha, nikamsomea. Akabonyeza mwenyewe. Halafu akaivuta chai yake karibu, akaweka sukari nyingi.

Jioni tulipofika, Fiston alikuwa barazani na kreti ya bia na marafiki zake wawili wa depo, wote wamevaa vizuri. Walimsalimu Tata kwa heshima, wakamwuliza hali ya barabara, na mwishoni wakauliza kama kule juu aliona mawe. Tata alisema kule kuna baridi. Walicheka, wakauliza tena kwa njia nyingine. Akasema kuna baridi sana. Wameshakuja mara kadhaa, na bia ni nzuri, hatuwafukuzi.

Mjukuu alitaka kuona picha. Basi Tata aliinuka kutoka kwenye kiti chake, mtu huyu ambaye mnamjua hainuki hata kwa padri. Akaenda kusimama katikati ya sebule, akaweka kofia kifuani, akanyoosha mgongo, akakaza shingo. Alikaa hivyo bila kupepesa macho. Amekuwa akifanya hivyo kwa kila anayeuliza, na mkija atawafanyia na ninyi.

"Balikuwa hapa nyuma yangu," anasema, akionyesha friji bila kugeuka. "Bote. Na batoto babo."